Barafu ya Kilele cha Jino

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana leo sitafuti wasikilizaji, natafuta mahakimu, na hakimu hasinzii.

Palikuwa na kijiji mgongoni mwa mlima, kule migomba inakokoma na ukungu unakoanza. Juu yake kilisimama kilele chenye ncha, wakakiita Jino. Katika kijiji hicho aliishi fundi cherehani aitwaye Anaeli, mtu mpole kabisa, mpaka aambiwe kwamba jambo haliwezekani. Mkewe Ndeshi alijifungua mtoto wao wa kwanza, wa kike, katikati ya kipupwe.

Na kwao, mtoto wa kwanza akizaliwa kipupwe, baba yake hupanda Jino alfajiri na kurudi jioni hiyo hiyo na kipande cha barafu. Mtoto huguswa nacho ulimini, na kabla hakijayeyuka, yule aliyemshusha baba salama hutaja jina. Huyo huwa mzazi wa pili wa mtoto maisha yake yote. Barafu ikiisha bila jina, mtoto hukaa hivyo hivyo mpaka kipupwe kingine, na watoto wa namna hiyo, walisema, baridi haiwaachi.

Baba wengine hupanda na msindikizaji mmoja. Lakini mwaka ule baridi ilikuwa imeua ng'ombe zizini, kwa hiyo Anaeli akachukua watatu. Masikini, alidhani anajipangia usalama!

Wa kwanza ni Haikaeli, dada mkubwa wa Ndeshi. Kipaji chake kilikuwa macho. Aliusoma mlima kama wewe unavyousoma uso wa mkeo ukichelewa kurudi. Wa pili ni Kirenga, mchinjaji, kaka yake Anaeli. Kipaji chake kilikuwa mkono, maana kisu chake hakikupita mara mbili mahali pamoja. Wa tatu ni Nderingo, rafiki wa tangu utoto, na kipaji chake ulimi. Akikutukana kilabuni, unaiacha mbege yako na kwenda kulala. Nderingo huyu ndiye aliyewahi kumposa Ndeshi kabla ya Anaeli, akakataliwa. Jambo hilo walilicheka wote, na Nderingo alicheka kuliko wote.

Siku moja kabla ya safari, Haikaeli alipanga magunzi ya mahindi sakafuni jikoni kwake. Hili msitu, hili Ukuta wa mawe, hili kidimbwi chini ya Jino.

"Usiku barafu huyashika mawe ya Ukuta," alisema. "Jua likiupiga, huyaachia. Tupite kwenda ungali kivulini, na tupite kurudi ungali kivulini. Nikisema basi, ni basi. Shemeji, umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji."

Alisikia kwa masikio tu.

Walipanda vizuri. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na zilivunjika chini ya miguu yao. Ukuta waliupita ukiwa kimya. Kidimbwini Kirenga alipiga shoka mara moja, akabandua kipande cha ukubwa wa ngumi, na Haikaeli akakifunika kwa majani makavu ya mgomba ndani ya kikapu chake. Kazi ilikuwa imekwisha hapo.

"Baba mkwe alileta barafu kama kichwa cha mbuzi," Anaeli alisema. "Mpaka leo anaisimulia. Mimi nirudi na kokoto?"

Akachukua shoka. Haikaeli akatazama angani.

"Basi, shemeji."

"Kidogo tu."

Hiyo kidogo tu, ndugu zangu, ndiyo iliyomwaga damu yote mtakayoisikia. Alipokipata kichwa chake cha mbuzi, jua lilikuwa limeshaupiga Ukuta. Wakapita chini yake mbio, na katikati pale barafu ikamponyoka Anaeli, ikateleza kando. Akasimama. Akainama kuiokota.

Juu pakalia kama bunduki. Haikaeli hakusema kitu, maana neno lingechelewa. Fimbo yake ilimpata Anaeli mdomoni, meno mawili yakaruka, naye akaanguka chali. Pale kilipokuwa kichwa chake likatua jiwe kubwa kama jiko la msiba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Huyu alivunjika meno, na mambo bado hayajaisha, kwa kuwa jiwe lile liliulalia mkono wake wa kulia, vidoleni.

Walisukuma wote watatu. Jiwe halikutikisika. Mengine yalikuwa yanakuja, na moja likampasua Nderingo paji la uso. Kirenga alitazama Ukuta, kisha akautazama mkono wa mdogo wake.

"Anaeli," alisema kwa upole, "hebu tazama kule chini, nyumbani."

Anaeli akatazama nyumbani. Kisu kikashuka mara moja tu. Vidole vitatu vya fundi cherehani vilibaki chini ya jiwe, pamoja na kichwa cha mbuzi, na Anaeli akapiga kelele mpaka sauti ikamwishia. Kirenga alimfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Machozi yalimtiririka lakini mikono haikumtetemeka.

Chini zaidi iliwakuta mvua ya mawe. Iliwapiga vichwani na mabegani, iliwachana masikio. Haikaeli alishika njia, Kirenga alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka magoti yake yakakataa, wakaanguka wote wawili. Anaeli alikaa kwenye majani yaliyoganda, na ajabu, akaanza kuona joto. Joto zuri, kama la blanketi. Walimpiga makofi, akatabasamu kwa mdomo wake wenye damu.

"Niacheni nilale."

Ndipo Nderingo alipoinama sikioni mwake.

"Lala, rafiki yangu. Mtoto yule si wako. Ni wangu. Wewe ukilala hapa, mama yake namwoa, na cherehani yako nauza."

Anaeli akafumbua macho. Nderingo akacheka, akampiga teke la mbavu.

"Hujawahi kujiuliza kwa nini nilikuwa nacheka kuliko wote?"

Anaeli akainuka. Aliokota jiwe kwa mkono wa kushoto na kumkimbiza Nderingo ndani ya mvua ile, akianguka, akiinuka, akitema damu, akitaka kitu kimoja tu duniani, kumuua. Nderingo alikimbia mbele yake, si mbali, si karibu. Anaeli akarusha, jiwe likampata Nderingo begani, naye hakupunguza mwendo; Anaeli akaokota jingine. Chuki ilimtia Anaeli joto lililokosekana katika mvua ile, nayo ikamfikisha msituni, ikamfikisha migombani, ikamfikisha penye ua wa nyumba yake. Hapo Kirenga akamkamata kwa nyuma na kumshika mpaka jiwe likamponyoka mkononi.

Ua ule ulikuwa wa mimea ya isale. Mnaijua isale. Ukikabidhiwa jani lake na aliyekukosea, huwezi kumnyima msamaha. Haikaeli akavunja jani. Kirenga akavunja jani. Nderingo akavunja jani. Wakaingia.

Ndeshi aliona mdomo wa mumewe, akaona mkono, akapiga yowe. Kisha akajikaza, akamweka mtoto vizuri.

"Barafu iko wapi?"

Haikaeli akafungua kikapu. Ile ngumi ilikuwa imebaki yai la njiwa.

"Shemeji," alisema, "nimekuvunja meno. Nisamehe. Jina alitaje Kirenga."

"Mdogo wangu," alisema Kirenga, "nimekukata vidole vya kazi. Nisamehe. Jina alitaje Nderingo, maana bila yeye tungeshusha maiti."

Nderingo akapiga magoti. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa mara ya kwanza.

"Nilimwambia mtoto ni wangu ili ainuke," alimwambia Ndeshi. "Ni uongo. Anaeli, nisamehe. Mimi sistahili kutaja kitu."

Anaeli aliyapokea majani yote matatu kwa mkono wake mzima, kama inavyopasa. Alitaka kuwakumbatia na alitaka kuwapiga. Bila fimbo, kichwa kisingekuwapo, lakini fimbo hiyo ndiyo iliyoulaza mkono wake njiani mwa jiwe. Bila kisu angefia pale Ukutani, lakini sasa nani atamletea nguo fundi asiye na vidole? Na bila neno lile angekuwa amelala huko juu. Akimpa Nderingo jina, kijiji kizima kitacheka. Akimnyima, ni kana kwamba ameliamini.

Akamtazama mtoto. Akatazama pua, akatazama masikio, na akajichukia kwa kutazama.

Ndeshi akamwona.

"Unamtafuta nani usoni mwa mwanangu?" aliuliza.

Ndeshi akachukua barafu, akaigusisha ulimini mwa mtoto. Mtoto akalia. Maji yakaanza kumchuruzika mama vidoleni, na barafu ikawa punje ya harage.

Haya, mahakimu wangu. Fimbo, kisu, au neno? Je, wewe ungemwambia nani afungue kinywa? Amueni upesi, mtoto hana jina na mkono wa mama yake umejaa maji.