Nyumba ya Bi Mwanamize na Makuti ya Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Mkiitikia kwa uvivu, nami nitasimulia kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Hapo zamani za kale palikuwa na ajuza mjane, Bi Mwanamize. Alitaka nyumba ya vyumba vya kupangisha wachuuzi wa gulioni, wajukuu zake wapate kula bila kuomba. Wazee wakampa kiwanja kando ya njia ya gulio, kwa mila ya kijiji chao: masika yakikikuta kiwanja hakina paa, kinarudi kwa wazee, anapewa mwingine. Na tajiri Kitwana alikuwa ameshakitolea macho.

Bi Mwanamize hakuwa na mali, lakini watu alikuwa nao. Nyumba gani pale haikukandikwa kwa mikono yake? Akaenda kwa wakata miti, wakampa boriti. Akaenda kwa wasokota kamba, wakampa kamba. Kila mmoja akamwambia, wapangaji wakija, nami unikumbuke. Akakubali.

Siku ya kukandika wakaja wake kwa waume. Wakakanyaga udongo, chapa, chapa, chapa. Wakakandika, pa, pa, pa. Kuta zikasimama.

Na makuti je? Minazi yote ilikuwa ya jirani yake, Bi Siwema, na wawili hao walikuwa wamenuniana. Mbuzi wa Mwanamize alikula mchicha wa Siwema, na Mwanamize, badala ya kuomba radhi, akacheka. Basi.

Mawingu yakatanda. Kitwana akaja, akatazama juu, akatabasamu. Akasema ataezeka yeye, nyumba iwe yake, na bibi awe mfagiaji. Bi Mwanamize aliogopa, jamani. Nusura akubali. Akawatazama wajukuu zake, akajifunga kanga, akaenda kwa jirani.

"Hodi."

Kisha, polepole, "Karibu."

Bi Siwema akamtazama. "Umezunguka kijiji kizima. Kwangu tu hukufika."

"Niliona haya, dada. Nilikukosea, halafu nikacheka. Nisamehe."

Bi Siwema akamwongoza hadi bandani. Makuti yalikuwa tele, yameshasukwa, yamepangwa tangu siku kuta ziliposimama. Alikuwa akimngoja. Bi Mwanamize akalia.

"Futa machozi, mvua inakuja," Bi Siwema akasema. "Na mimi nitapata chumba gani?"

"Cha mbele, chenye dirisha la njiani. Kodi yake yako."

Wakaezeka, kijiji kizima. Kuti la mwisho likafungwa, tone likaanguka. Ta. Ta. Ta-ta-ta. Chwaaaa!

Kitwana alikuwa amesimama nje, analowa. Bi Mwanamize akafungua mlango.

"Ingia, mwanangu. Leo ulale bure. Kesho utalipa kodi."

Basi wenzangu, mkitaka kujenga, anzeni na waliowazunguka, na yule mliyenuniana naye msimwache wa mwisho. Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye paa na akalale.