Gari la Sura Mpya na Tinti ya Ndeshi

Wenye magari, someni mpaka mwisho. Wasio na gari nao wasome, maana sura kila mtu anayo.

Kule Same aliishi bwana mmoja, Elifuraha, mwenye gari la zamani lenye sura mpya. Alilinunua likiwa toleo la kale, akalipeleka kwa fundi wa bodi, wa pekee pale mjini. Likang'olewa taa, bampa na shoo ya mbele, ule wavu wa katikati ya taa, likapachikwa za toleo jipya. Tangu hapo akawa analiegesha likitazama barabara, na mgeni akianza kuzunguka nyuma, anaitwa haraka akanywe chai.

Chanzo cha mahangaiko yote hayo ni shemeji yake, Ombeni, kaka wa mkewe. Naye alikuwa na gari la jina hilohilo, na hakuna kikao cha ukoo kilichoisha hajalitaja.

"Toleo jipya, shemeji. Kuna watu hapa wanaendesha makumbusho."

Sasa, Elifuraha alikuwa na binti, Ndeshi, mwenye ualbino. Ndeshi alipata nafasi ya shule ya bweni Singida, safari ya kutwa nzima juani. Waliposafiri mara ya mwisho walifunga khanga dirishani. Upepo ukaichezea njia nzima, mtoto akafika ana malengelenge shingoni. Kwenda usiku nako hakukuwezekana, kwa sababu zile taa mpya za kupachikwa zilimulika matawi ya miti kuliko barabara. Ikabaki tinti ya vioo ya kuzuia miale ya jua, ile inayouzwa ikiwa imeshakatwa kwa vipimo vya gari lako, kazi yako kubandika tu.

Elifuraha akampigia muuzaji wa Dar es Salaam, simu akaiweka spika. Ombeni alikuwa hapohapo sebuleni anatafuna karanga.

"Kaka, picha uliyotuma ni ya mbele tu," alisema muuzaji. "Nitumie ya ubavuni. Haya magari jina moja, ila kioo cha mlango wa nyuma cha toleo la kale ni kirefu zaidi."

"Dada, kwani taa huzioni?"

"Taa sizifuniki, kaka. Nafunika vioo. Ni la kale au jipya?"

Ombeni akaacha kutafuna.

"Jipya," akasema Elifuraha.

Kuanzia hapo hakukukalika. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Akatoka nje kupima kioo kwa kiganja, akarudi, akasahau alichopima, akatoka tena. Alitaka kumpigia yule dada faraghani, lakini shemeji alikuwa amenogewa na karanga. Ombeni alipoondoka, jua lilikuwa linazama. Elifuraha akapiga simu mbio.

"Samahani, dada, lile gari..."

"Kaka, mzigo wako uko kwenye basi tangu mchana."

Akajipa moyo kwamba labda vipimo vinapishana kidogo tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Mzigo ukafika asubuhi ya safari, siku ya mwisho ya kuripoti shule. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Ombeni naye akaja kuaga. Milango ya mbele ikakaa sawa. Mlango wa nyuma, anapoketi Ndeshi, tinti ikaishia njiani, kiganja kizima cha kioo kikabaki wazi. Elifuraha akaivuta huku, ikapungua kule.

"Baba Ndeshi, mbona fupi?" akauliza mkewe, Aikande.

"Wamekosea Dar."

"Wapigie basi, watuambie tufanyeje."

Akatoa simu. Akaitazama. Ndani ya gari Ndeshi alikuwa ameshakaa, anavuta mikono ya sweta ifunike vidole, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Elifuraha akarudisha simu mfukoni.

"Hawajakosea. Gari ni la kale, nilibadilisha sura tu. Nikamdanganya yule dada kwa sababu shemeji alikuwa anasikiliza."

Akasubiri kuchekwa. Ombeni hakucheka. Aligeuka bila kuaga, akaingia kwenye gari lake, akaondoka kwa kasi.

"Haya," akasema Aikande, "kaenda kutangaza ukoo mzima."

Baada ya muda mfupi gari likarudi, likafunga breki mlangoni. Ombeni akashuka na boksi la tinti lenye vumbi, ambalo halijawahi kufunguliwa. Ubavuni lilikuwa limeandikwa jina la gari na maneno matatu: toleo la kale.

"Bandika, mtoto asichelewe."

"Shemeji, hii umeitoa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Ya gari gani?"

"Shemeji, bandika!"

Aikande hakungoja jibu. Alilizunguka gari la kaka yake mpaka mlango wa nyuma, akakitazama kioo chake, kisha cha gari la mumewe: urefu uleule.

"Kaka! Hata wewe?"

"Nimekaa nayo tangu mwaka jana," akasema Ombeni, anajikuna shingo. "Ningeibandika mbele ya nani, na boksi lenyewe linasema? Halafu msinitazame hivyo. Aliyembadilishia yeye sura ndiye aliyenibadilishia mimi."

Walipokuwa wanapita Babati, jua la mchana lilikuwa upande wa Ndeshi. Alivua sweta, akalikunja, akaliegemeza kwenye kioo na kulala.

Funzo: Unayemficha ukweli ili akuheshimu huenda naye anakuficha uleule; na ninyi mkiwa mnatunziana sura, anayeungua ni mtoto.