Betri ya Chini ya Kitanda

Wapendwa, leo nataka niwapeleke barabarani. Twendeni tukae kidogo kwenye gari la mzee mmoja, tuone yaliyompata, halafu tutarudi humu ndani tujitazame.

Mzee huyu alikuwa mstaafu wa posta. Watu walimwita Baba Atu, kwa jina la binti yake wa kwanza, na mkewe alikuwa Mama Atu. Mama huyu mapafu yake yalikuwa yamechoka. Moshi wa kuni wa miaka mingi ulikuwa umeyala pole pole, mpaka akafikia kuishi kwa mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka kwenye umeme, yenye mrija unaokuja puani. Umeme ukiwepo, Mama Atu anaongea na kucheka. Umeme ukikatika, anaweza kuvumilia kidogo, halafu anaanza kuhangaika kama mtu aliyezamishwa kichwa kwenye maji.

Alikuwa na hamu moja tu: kumwona dada yake aliyebaki kijijini kwao, ng'ambo ya milima, mwendo wa siku kadhaa. Lakini kwenye basi utachomeka wapi mashine? Baba Atu akawaza, akapata jibu. Akanunua gari kuukuu la mizigo, akaweka kitanda ndani, jiko dogo la gesi na dirisha lenye pazia, ili mkewe asafiri amelala na mashine yake pembeni. Nawauliza, huyo si mume mwema? Mwema kabisa. Msije mkamchukia.

Ukabaki umeme. Wakaenda dukani wote wawili, wakamweleza muuzaji.

"Kwa uwezo wenu," muuzaji akawaambia, "chukueni betri hii kubwa ya sola, na chaja hii ya kuchukua umeme kwenye injini. Juu mweke paneli moja. Siku jua likikosekana, mnawasha gari tu, betri inachaji."

Baba Atu akaitazama betri. Sanduku jeusi, zito, halina hata taa ndogo. Akazitazama paneli zilizosimamishwa ukutani, zinang'aa, za kutosha kufunika paa zima la gari. Pembeni kulikuwa na redio kubwa yenye spika mbili.

Mama Atu akamgusa mkono. "Baba Atu, mimi ningechukua hiyo betri."

"Mama Atu, betri inakaa chini ya kitanda. Nani ataiona?"

Akacheka. Na mkewe akacheka naye, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu siku ile alikuwa anapumua vizuri.

Wakaondoka na paneli za kujaza paa, redio na spika zake, pamoja na betri za gari zilizokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Chaja ya injini ikabaki kwenye rafu. "Jua la nchi hii litakosekana lini?" alisema Baba Atu.

Na kweli, mwanzo wa safari jua liliwaka. Mchana mashine ilikula umeme wa sola, usiku walilala kwa jamaa au nyumba za wageni, ikachomekwa ukutani. Kila waliposimama watu walikusanyika. "Mzee, hii ni nyumba kabisa!" Baba Atu akawafungulia milango, akawaonyesha paneli, akawawashia redio. Watu wakiomba kuchaji simu, hakumkatalia hata mmoja. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa akimwomba kitu. Sasa watu wanampigia magoti kwa ajili ya waya! Alijisikia kijana.

Mara nyingine mashine ilitoa mlio, ule wa kuonya kwamba umeme unapungua. "Baba Atu, inalia," mkewe angesema. Naye angejibu, "Jua likipanda itatulia." Ikawa inatulia.

Wakafika milimani. Huko kulikuwa na ukungu na mvua na baridi inayobana kifua hata cha mzima. Asubuhi moja wakakuta daraja limekatika. Malori, mabasi, magari madogo, foleni imesimama mpaka kwenye kona. Watu wamekwama njiani tangu jana, simu zimezima, nyumbani hawajui kama wako hai. Ndipo wakaliona paa la Baba Atu.

"Mzee, tusaidie chaji. Tuwajulishe tu wenzetu."

Ungefanyaje? Baba Atu akavuta waya, akatoa soketi nje chini ya turubai, simu zikapangwa kama dagaa kwenye kichanja. Akafungulia nyimbo za kwaya kuwachangamsha. Watu wakaimba kwenye mvua. Mama mmoja wa basini akamshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, baba. Tungekuwa na watu kama wewe wengi!"

Sauti ikatoka ndani ya gari. "Baba Atu. Inalia."

"Nakuja, Mama Atu. Watu wana shida hapa."

Hakuita tena. Baba Atu alidhani imetulia. Hakukumbuka kwamba kuita kunahitaji pumzi.

Kwaya ikakatika yenyewe, katikati ya ubeti. Baba Atu akageuka, akaingia ndani. Mashine ilikuwa kimya. Mkewe amekaa, ameshika ukingo wa kitanda, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, macho yanamtazama yeye. Akachomoa simu zote, akazitupa chini. Akatazama juu: mawingu. Akarukia usukani, akawasha gari, injini ikanguruma kwa nguvu, umeme tele uko pale mbele, lakini hakuna waya wa kuuleta nyuma.

Akamwachia yule mama wa basini amshike mkewe, akakimbia kwenye foleni akigonga milango ya malori. "Waya za betri! Nani ana waya za betri?" Akateleza kwenye tope, akainuka, akateleza tena. Dereva mmoja akapatikana nazo, wakarudi wakikimbia. Dereva akaunga haraka, kutoka injini mpaka betri za nyuma.

Mashine ikawaka. Mrija ukaanza kupuliza hewa safi puani mwa Mama Atu. Lakini Mama Atu alikuwa ameshakwenda.

"Mzee," dereva akasema taratibu, "hukuwekewa chaja ya injini?"

"Niliiacha dukani."

Watu wakavua kofia. Baba Atu akataka kumpigia shemeji yake, yule dada anayengoja, lakini simu yake mwenyewe ilikuwa imezima. Aliwapisha wageni kwanza. Kijana mmoja akampa yake. "Tumia hii, mzee. Imejaa."

Baba Atu akaipokea. Akaiona ile alama ya chaji, imejaa mpaka juu. Akasimama ameishika, na hakuweza kubonyeza hata namba moja, kwa maana alijua ni pumzi ya nani iliyoingia mle.

Sasa turudi humu, wapendwa. Najua unachosema moyoni: mzee yule alikosa akili. Hapana. Alikuwa na moyo mwema, na wale watu walikuwa na shida ya kweli. Hapo ndipo penye kutisha. Aliua kwa wema, wakimwombea baraka.

Mimi na wewe tuko wapi? Kwenye kamati tupo, kwenye harambee tunasimama mbele, jirani akiita tunakimbia, na tunasifiwa. Nyumbani kuna mtu amesema mara ya kwanza, akasema mara ya pili, tukamjibu "nakuja." Siku hizi hasemi. Tunafikiri ametulia. Nani kati yetu ameingia ndani kuangalia? Mke asiyelalamika tena, mtoto aliyeacha kuuliza, mzazi ambaye siku hizi anasema tu "mimi mzima": una uhakika ni wazima?

Naona mmoja anataka kuitikia amina. Naomba usiitikie. Inuka, nenda nyumbani, kaa karibu na mtu wako, umsikilize anavyopumua.