Fisi na Windo Lake la Kwanza

Hadithi, hadithi!
Hadithi njoo!
Ije imebeba nini?
Upinde na mishale!
Ikimkuta mlafi njiani?
Imchome tumboni!
Basi aliyeshiba asinune.
Na mwenye njaa acheke!

Hapo kale, wakati wanyama walipokuwa wakiwinda kwa upinde, alikuwepo Nguchiro mmoja. Alikuwa mdogo, mwenye miguu mifupi, aliyeweza kupita chini ya jani bila jani kujua. Binti yake wa kwanza aliitwa Kijino.

Na alikuwepo Fisi. Fisi alikuwa na kichwa kikubwa, na ndani ya kichwa hicho kulikuwa na meno. Kama kulikuwa na kitu kingine, mimi sikuambiwa.

Fisi naye alikuwa na upinde. Aliubeba begani kila siku ili aitwe Mzee Mwindaji. Lakini kamba ya upinde ule ilikuwa ya mshipa wa nyati, na Fisi aliitafuna siku ileile aliyopewa. Mahali pa kamba akafunga jani la mkindu. Mishale yake ilikuwa mipya, manyoya yamesimama, kwa sababu haikuwahi kuruka hata mara moja.

Sasa mwindaji kama huyo alikula nini? Alikula vya wenzake. Mbweha akipata kwale, Fisi huyo, chopi, chopi, chopi. "Fungu la mkubwa liko wapi?" Kenge akipata samaki, Fisi huyo, chopi, chopi, chopi. "Fungu la mkubwa liko wapi?" Nao walimpa. Walikuwa wameyaona yale meno.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Nyumbani kwa Nguchiro wadogo zake Kijino walikuwa wakitafuna panzi wakavu, kacha kacha, na hata panzi wakaanza kuadimika. Nguchiro akauweka kando upinde wake, akamchongea Kijino upinde mdogo na mishale midogo, na kila mshale akaufunga nyoya jekundu la kasuku ili ujulikane ni wa nani.

"Leo utapiga wewe," akamwambia. "Mimi mkono umeniteguka. Wadogo zako wanakutegemea."

Wakaenda. Ndogo ndogo, ndogo ndogo, hao, mpaka kwenye matete ya mto uliokauka.

"Mama," Kijino akauliza, "nikipata ndezi, nitakula paja?"

"Hutakula hata ukucha."

"Kwa nini?"

"Windo la kwanza, mwenye mshale haonji. Ndiyo desturi. Majirani wanaitwa, unapakwa majivu usoni, unaketi umeupa moto mgongo, na wenzako wanakula. Kisha unaibeba nyama iliyobaki na kuipeleka kwa wenye watoto."

"Hata mchuzi sionji?"

"Hata mchuzi."

"Na nikila kwa siri?"

"Ukila windo lako la kwanza, hutakaribishwa tena kwenye moto wa mtu yeyote. Hata mfupa hutatupiwa."

Kijino akatembea kidogo, akanuna. "Mama, desturi hii ni ya kipumbavu."

"Hata mimi nilimwambia mama yangu hivyohivyo. Inama, unaonekana."

Nguchiro akachota vumbi, akaliachia. Vumbi likapeperuka likaja usoni mwao. "Vizuri. Upepo unatoka kwake kuja kwetu." Wakalala chini. Wakangoja. Siafu akamuuma Kijino kwenye paja, naye akavumilia machozi yakimtoka.

Mara matete yakatikisika. Chwa, chwa, chwa. Akatokea ndezi, yule panya mkubwa wa matete, mnene kama gunia la karanga, anatafuna, hana habari.

"Vuta mpaka sikioni," Nguchiro akanong'ona. "Usiangalie nyama. Angalia mahali unapotaka mshale uende."

Twaa! Mshale ukaingia kwenye mchanga, pu.

Ndezi akainua kichwa. Akasikiliza. Akaendelea kutafuna, maana mlafi akiwa anakula masikio yake hayasikii.

Twaa! Mshale wa pili ukampata ubavuni. Ndezi akaruka, akatumbukia kwenye matete, akapotea.

Kijino akataka kukimbia. Mama akamshika mkia. "Kaa! Aliyechomwa hafukuzwi, akifukuzwa atafia mbali. Mwache alale mwenyewe."

Wakakaa. Kisha wakafuata matone ya damu, hapa tone, pale tone, mpaka kwenye uwazi mdogo. Na pale kwenye uwazi wakamkuta ndezi amelala. Na juu ya ndezi amekaa nani? Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi," akasema Nguchiro.

"Marahaba. Mnatafuta nini kwenye uwanja wangu wa kuwindia?"

"Tunafuata windo la mwanangu."

"Windo? Windo gani? Hili ni langu. Mshale wangu huu hapa." Kweli, ubavuni mwa ndezi ulisimama mshale mpya wenye manyoya ya kanga, mshale wa Fisi, umechomekwa kwa mkono. Chini ya kalio lake lilichungulia nyoya jekundu la kasuku, limevunjika.

Unaona mambo ya mtu yule! Siku zote fungu la mkubwa lilimtosha. Leo alipoona mafuta ya ndezi, paja likawa dogo. Akataka paja, na kifua, na ngozi, na mkia. Na kwa kuwa aliyepiga ni mtoto, akajiambia, nani atamsikiliza mtoto?

"Mwongo!" Kijino akapiga kelele. "Mshale wangu ameukalia! Na upinde wake hauna hata kamba, ni jani!"

Fisi akafungua mdomo. Yale meno yakaonekana yote.

"Nyamaza, mwanangu," akasema Nguchiro haraka. "Upinde wa mkubwa haukaguliwi. Mzee Fisi, tusamehe. Mtoto ni mdogo, anaona jani anadhani jani. Kumbe ni wewe uliyempiga ndezi huyu?"

"Ni mimi."

"Peke yako?"

"Nilihitaji msaada wa nani mimi?"

"Hongera! Jambo kama hili halifichwi vichakani. Lazima majirani wajue."

Fisi akatunisha kifua. Hakuna aliyewahi kumpa hongera tangu azaliwe. "Waite," akasema. "Waje wanione."

Kunguru alikuwa juu ya mti, na Kunguru habari haimlali tumboni. "Kwaa! Kwaa! Njooni! Fisi amepiga windo!"

"Nani?" akauliza Mbweha akija mbio.

"Fisi!"

"Fisi yupi?" akauliza Kenge akijiburuta.

"Huyuhuyu wetu!"

Wakaja, wakazunguka. Nguchiro akasimama katikati, kichwa chake kikifika kwenye goti la Fisi.

"Mzee Fisi, waambie wenyewe. Mshale ni wa nani?"

"Wangu!"

"Mkono uliouachia ni wa nani?"

"Wangu!"

"Na windo ni la nani?"

"Langu! Langu lote! Hata mkia!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

"Basi naomba kujua jambo moja tu, maana mimi ni mdogo, mengi yamenipita. Nani kati yenu aliwahi kula windo la kwanza la Mzee Fisi?"

Wakatazamana.

"Mimi sijala," akasema Mbweha. "Yeye ndiye amekula vyangu."

"Wala mimi," akasema Kenge. "Wala baba yangu."

"Nani alimpaka majivu?"

Kunguru akakohoa.

Fisi akaanza kuelewa, lakini polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. "Mimi nimewinda tangu zamani," akasema. "Nyati. Kongoni. Mmoja alikuwa mkubwa kama... mkubwa sana."

"Na nani alimla?"

"Nilimla mwenyewe!"

"Aaah!" wakaguna wote, wakarudi nyuma hatua moja.

"Mzee Fisi ametania," akasema Nguchiro kwa upole. "Angekula windo lake la kwanza, tusingeruhusiwa kumkaribisha kwenye moto wowote. Hata mfupa tusingemtupia. Sivyo, Mzee? Ulitania?"

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimtoa jasho. Akisema alikula, hakuna fungu la mkubwa tena maisha yake yote. Akisema mshale si wake, ataitwa mwizi wa watoto mbele ya Kunguru, na hapo habari itafika mpaka nchi zisizo na fisi.

"Nilitania," akasema.

"Kwa hiyo hili ndilo la kwanza?"

"Ndilo... ndilo la kwanza."

"Hongera sana! Kijino, kalete majivu. Majirani, washeni moto!"

Wakampaka majivu usoni, masikioni, mpaka kwenye pua. Wakamgeuza, mgongo kwenye moto, upinde wa jani mapajani. Ndezi akachunwa, akawekwa kwenye makaa. Mafuta yakaanza kudondoka. Chwaaa! Harufu ikazunguka kichwa cha Fisi, ikaingia pua hii, ikatokea ile. Mate yakamdondoka, ti, ti, ti, yakafanya tope la majivu kifuani.

"Jamani," akasema bila kugeuka, "hata mfupa?"

"Hata mfupa, Mzee."

"Hata kuulamba?"

"Desturi, Mzee. Tungeweza tungekupa."

Kijino akapewa paja zima. Akaumauma, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye viwiko. Kisha akamsogelea mama yake, akanong'ona.

"Mama, lakini ni mimi niliyempiga."

"Najua."

"Nani mwingine anajua?"

"Ndezi."

Kijino akafikiri. "Basi windo langu la kwanza bado?"

"Bado. Siku hiyo utapakwa majivu wewe. Leo kula."

Kijino akala. Alipomaliza, akaenda akasimama mbele ya Fisi, mfupa mkononi, adabu zote usoni. "Mzee Fisi, desturi hii ni ya kipumbavu, sivyo?"

Fisi akalamba majivu puani. Alikuwa akiuangalia ule mfupa.

Nyama iliyobaki ilifungwa kwenye majani, akatwishwa Fisi mgongoni, maana mwenye windo la kwanza ndiye mbebaji. Na mwenye watoto wengi kuliko wote alikuwa nani? Nguchiro. Fisi akaibeba, chopi, chopi, chopi, nyama ikinukia nyuma ya sikio lake, na Kijino akitangulia mbele na upinde wake mdogo. Walipofika, wadogo zake Kijino wakatoka shimoni, wakaiona nyama, kisha wakamwona aliyeibeba.

"Mama, huyu mwenye majivu ni nani?"

"Ni mgeni wetu, Mzee Mwindaji. Mshukuruni."

"Ahsante, Mzee Mwindaji!" wakasema wote pamoja, midomo imejaa.

Hadithi yangu nimeilegeza kamba, nimeitundika ukutani.
Anayeitaka?
Aitundue!
Na anayeitafuna?
Abaki na jani!

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili. Waheshimuni wakubwa. Mkubwa akisema kitu chako ni chake, usibishane naye, utaonekana huna adabu. Mpe hongera. Mwitie majirani wamwone. Kisha mwonyeshe njia ya nyumbani kwenu, aubebe mzigo.