Sare ya Mechi ya Kumi na Mbili

Sogeeni. Mwenye kazi aende kazini. Hadithi hii ni ya sisi wengine.

Palikuwa na wasomi watatu hapa Nakuru, digrii tatu, mshahara sufuri. Serikali iliwaambia wajiajiri, nao wakajiajiri: wakawa wanabashiri raga, ile ya wachezaji saba.

Mwachofi alikuwa na kipaji cha ratiba. Mpe orodha ya mechi za mashindano ya kimataifa, atakwambia nani amesafiri saa ishirini, nani anacheza mara mbili siku moja, nani ataishiwa na pumzi kipindi cha pili.

Kerubo alikuwa na kipaji cha msimamo. First class ya takwimu, jamani! Akitazama jedwali la pointi, anajua nani lazima ashinde, na nani ameshafuzu na atawapumzisha vigogo wake.

Musyimi hakujua raga. Kwake mpira ule ni papai. Ila simu ilikuwa yake, laini yake, na vidole vyepesi.

Kampuni moja ya kamari ikatangaza: wa kwanza kupatia mechi zote kumi na mbili, pikipiki. Mechi kumi na moja walikubaliana. Ya mwisho, Kenya na Samoa, ikawakosanisha.

"Samoa," alisema Mwachofi. "Wamepumzika tangu jana. Sisi tumetoka kupondwa asubuhi."

"Kenya! Samoa washafuzu, wataingiza wachezaji wa akiba."

"Wewe na hesabu zako! Si juzi ulienda interview na hesabu hizo hizo? Ulipewa nini?"

"Nyinyi, imebaki dakika moja!" Musyimi alipaza sauti, macho kwenye simu. "Niweke nini?"

Kerubo hakumsikia. Hasira zilikuwa zimempanda. "Sare! Walinipa sare, Mwachofi! Kofia na rungu, nikalinde geti!"

Musyimi akasikia neno moja, akabonyeza. "Sare. Nimeweka."

Nusura wamtafune. Nani huweka sare kwenye raga?

Mechi ikaisha 19–19.

Pikipiki imekuja, na masharti yake: jina moja, isiuzwe mwaka mzima, fomu irudi kesho saa sita mchana, la sivyo zawadi imepotea. Yaani hata wakitupa mfupa, lazima watuone tukiung'ang'ania. Shenzi!

"Bila ratiba yangu mngefika mechi ya kumi na mbili?" asema Mwachofi.

"Na bila msimamo wangu je? Tena neno lenyewe limetoka kinywani mwangu. Jumatatu kwangu ni pikipiki ama ni geti. Amueni."

"Wataalamu wawili, mmekosea wote," asema Musyimi. "Kilichopatia ni kidole changu."

"Kidole kisichojua raga!" adakia Kerubo.

"Na mdomo uliokuwa ukizungumzia nguo!"

Nanyi msiniambie eti wapokezane. Hayo ni majibu ya walioshiba. Fomu iko mezani, kalamu ndiyo hii, nafasi ya jina ni moja. Je, wewe ungeandika la nani?