Jina Moja Kwenye Paji la Lori

Sogeeni karibu, na aliyelala aamshwe, maana mwisho wa hadithi hii hakuna atakayeondoka bila kuulizwa.

Huko milima ya Usambara walikuwapo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Hoza fundi alijaliwa vidole. Akipitisha kidole juu ya chuma, aligundua mkwaruzo ambao jicho halioni. Kilua alijaliwa kumbukumbu. Kitu alichokiona mara moja utotoni, hata kiwe kimefunikwa na majani, angekwambia kilipo. Na Stamili, mama wa mtoto mmoja, Zena, alijaliwa usafi. Sufuria ikitoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama ndani yake ukafunga kilemba.

Kijiji chao kilikuwa na lori moja kuukuu, la Mzee Kupaza. Ndilo lililoshusha kabichi sokoni na wagonjwa hospitali, kwa barabara yenye kona kali na bonde upande mmoja. Siku moja Mzee Kupaza alikanyaga breki, pedeli ikazama kama mguu kwenye tope. Akajiokoa kwa kugonga tuta. Walipotazama, mafuta ya breki yalikuwa yanavuja magurudumu yote manne, kwenye zile silinda ndogo zinazokaa ndani ya dramu ya gurudumu na kuisukuma breki ibane.

Mzee Kupaza alisema ubao wa juu ya kioo cha mbele uko wazi tangu lori lipakwe rangi upya. Atakayemrudishia breki, jina lake litaandikwa pale, na mlima wote utalisoma. Wakamuuliza, je, wakiwa wengi?

"Ubao unatosha jina moja," akasema. "Sitaki lori langu liwe daftari la mahudhurio."

Hoza akaingia kazini. Akazitoa silinda, akazikuta zimeota kutu ndani. Kwa siku tatu alizisugua kwa msasa laini, akizungusha polepole, akipitisha kidole, akirudia. Alipomaliza ya nne, ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka, mkewe akawa anamlisha ugali kwa mkono.

Lakini silinda bila raba mpya ni kazi bure, na raba za lori la umri ule hakuna duka linaloziuza. Kilua akafumba macho, akakumbuka boksi lenye picha ya lori kama hilo, aliloliona utotoni kwenye stoo ya shamba la mkonge bondeni. Akashuka kwa miguu. Kesho yake akarudi na raba tisa, nane za kazi na moja ya akiba. Mtunza stoo alimpa bure, na muhogo wa njiani juu yake.

Kazi ya Stamili ikawa kuosha. Hoza, macho yake yakiwa kwenye silinda, akamwambia, "Mama Zena, hizo raba zioshe kwa mafuta, uziache humo humo mpaka nikuite."

"Nisitie maji?"

"Maji hapana. Mafuta."

Sasa nyumbani kwa Stamili, mafuta yanayoosha ni mafuta ya taa. Ndiyo yanayotoa lami miguuni na rangi mikononi. Akayamimina kwenye bakuli, akaosha raba moja moja mpaka zikang'aa. Hoza alikuwa amemaanisha mafuta ya breki. Kwa fundi neno lile lilitosha, na kwa mama wa nyumbani nalo lilitosha.

Haukupita muda Hoza akachukua nane, akazifunga. Vidole vyake vilivyochubuka havikusikia kitu. Wakatoa upepo kwenye breki, wakalijaribu lori uwanjani, likasimama vizuri. Kijiji kikashangilia.

Asubuhi Stamili alikwenda kuosha bakuli, akaikuta ile raba ya tisa. Ilikuwa imevimba kama haragwe lililolowekwa, laini hata ukucha unazama. Hakuwa fundi, lakini alielewa kwamba zile nane nazo zilikunywa mafuta yale yale.

Lori lilikuwa tayari linapakiwa. Stamili akasimama kando, mtoto mgongoni, raba ndani ya ngumi. Akajiambia kwamba jana breki zilishika. Akajiambia kwamba Hoza angeona kama kuna kasoro. Likapanda gunia la tano, likapanda la kumi, akanyamaza. Aliona aibu kuitwa mtu aliyeharibu kazi ya watu, na magunia yakafika ishirini. Kisha akapandishwa Mama Mbelwa, mjamzito wa miezi tisa, akaketi mbele karibu na dereva. Akamwona Stamili, akamshukuru kwa kuwaoshea vyombo vya lori.

Stamili akaenda kusimama mbele ya lori.

"Msiondoke," akasema. "Raba niliziosha kwa mafuta ya taa."

Hoza akaipokea ile raba, akaibinya. Kisha akawaeleza watu kwamba raba zikivimba, breki hung'ang'ania, hupata moto, na kwenye kona ya tatu zisingekuwapo tena. Mtu mmoja juu ya magunia akauliza kama huyu mama alitaka kuwazika.

"Niliyesema mafuta ni mimi," Hoza akajibu. "Sikusema mafuta gani."

Kilua akafunga kamba za viatu, akashuka tena bondeni. Hoza akazifungua silinda zote upya. Raba za pili zilipofika, Stamili aliziosha kwa mafuta ya breki, na Hoza akakaa karibu akiongea habari za mvua, ili isionekane kwamba anamsimamia.

Lori likashuka mlima, likapita kona zote, likarudi salama. Mama Mbelwa alijifungulia hospitali.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Wengine walisema jina ni la Hoza, aliyezisugua silinda mpaka akachubuka. Wengine wakasema ni la Kilua, aliyekwenda bondeni mara mbili. Wanawake wakasema ni la Stamili.

"Kwani angeziosha sawasawa," akauliza yule wa juu ya magunia, "kungekuwa na cha kukiri?"

"Na angenyamaza," Mama Mbelwa akamjibu, "ungekuwepo hapa kuuliza?"

Mzee Kupaza akamgeukia Stamili, amwambie mwenyewe jina liwe la nani. Stamili akatazama chini. Moyoni alikuwa ameshajiona kwenye ubao ule, herufi saba, na kwa hilo alijionea haya. Maana watu walijua habari ya mafuta ya taa. Habari ya magunia ishirini, aliyoyatazama yakipanda huku raba imo mkononi, hawakuijua.

"Kuna jambo sijawaambia," akasema, akawaambia.

Mchoraji aliyeitwa kuandika jina amesimama kwenye ngazi, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka, na Mzee Kupaza anasema ameshindwa kuamua.

Basi panda wewe ngazini. Utaandika jina la nani?