Doti ya Kwanza ya Bi Maimuna

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana umeme ulikuwepo na intaneti ilikuwepo, Mombasa kulikuwa na mtungaji wa majina ya leso akiitwa Bi Maimuna. Jina la leso ndiyo yale maneno yanayochapishwa kwenye kitambaa, na mwanamke wa pwani humwambia jirani yake mazito kwa leso bila kufungua kinywa. Wanawake wengi wa mji ule walikuwa wamejifunga maneno ya Bi Maimuna. Alilijua hilo, na hakujifanya halijui.

Kompyuta yake ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ndani mlikuwa na maneno ya umri wake wote, na mwaka ule mlikuwa na leso ya harusi ya mjukuu wake. Leso ya harusi ni siri. Ikivuja kabla ya siku yake, upande wa bwana harusi huchapisha leso ya kujibu, wakaingia nayo wameivaa, na nyumba ya bibi harusi hubaki na fedheha.

Tena nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Doti ya kwanza ya leso ya harusi, ikiwa bado na wanga wa dukani, huvishwa mtu mmoja mbele ya wanawake wote, na aliyevishwa ndiye mtungaji baada ya hapo. Bi Maimuna alivishwa na mama yake, naye huyo mama alivishwa na mama yake. Sasa macho yalikuwa yamechoka. Akasema, "Harusi hii nitamvisha mmoja wenu." Waliokuwa wakiambiwa ni binti zake wawili, Swafiya na Aziza, na mkamwana wake Jamila.

Swafiya alikuwa mtu wa nakala. Kila Ijumaa huchomeka diski ya nje, akanakili kila kitu, akaichomoa na kuifungia ndani ya kasha la udi. Wakamcheka kuwa anaweka maneno kama mchele wa njaa. Akanakili.

Aziza alikuwa mtu wa siri. Aliweka programu ya kuzuia virusi, na majina ya leso akayafungia kwa nywila ndefu, asiyeijua asisome hata herufi. "Mama," alisema, "juzi umetafuta udi mtandaoni, leo kila ukurasa unakuuzia udi. Nani kawaambia?" Bi Maimuna akajibu, "Kumbe wako wambeya kunishinda mimi." Basi Aziza akawazibia njia wapelelezi wa matangazo.

Jamila hakuweka kitu. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ukiingia ujumbe asioujua, huuliza: huyu ni nani, na anataka nini kwetu? Wakamwita mwoga. Akauliza.

Ikawa Ijumaa moja, harusi inakaribia, ujumbe ukamfikia Bi Maimuna kwenye kompyuta: "Pindo mpya za leso, bure, kwa watungaji mashuhuri." Hilo neno mashuhuri ndilo lililomponza. Programu ya Aziza ikamwonya, akaiambia inyamaze, kwani mashuhuri hakatazwi na mashine. Akafungua. Pindo hazikutoka. Faili zikaanza kujifunga mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine. Na diski ya Swafiya ilikuwa bado imechomekwa, mwenyewe katoka kupokea wageni mlangoni.

Ilikuwa aibu. Angeweza kunyamaza, akafunika kompyuta na kitambaa chake. Lakini aliita, "Jamila, njoo, mwanangu, nimeharibu."

Jamila alikuwa jikoni na biriani ya wageni. Akaiacha motoni. Akachomoa diski, akachomoa waya wa intaneti, akazima umeme ukutani. Biriani ikaungua, na harufu ikawafikia wageni barazani.

Kesho yake wezi walioutuma ujumbe ule wakaandika kwenye simu ya Bi Maimuna: "Maneno yako tunayo." Aziza akasoma, akatabasamu. "Walichonacho ni kasha bila ufunguo." Kompyuta ikafutwa, ikaanzishwa upya, na maneno yakarudi kutoka kwenye diski ya Swafiya, ambayo virusi havikuwahi kuifikia.

Siku ya harusi ikafika. Upande wa bwana harusi waliingia na leso za kawaida, hawana habari. Leso ikafunuliwa: CHETU TUMEKILINDA, LEO KIMETUPAMBA. Vigelegele vikapasua dari. Bi Maimuna akasimama na doti ya kwanza mikononi, na watatu wakasimama mbele yake.

Swafiya akasema, "Bila nakala zangu, mngefunua nini hapa leo? Mlinicheka kila Ijumaa."

Aziza akasema, "Maneno yana nakala, dada yangu. Siri ikishatoka haina nakala. Bila nywila yangu, wenzetu hawa wangekuwa wamevaa jibu."

Jamila akasema, "Mimi nimeolewa tu hapa, si damu yenu. Lakini Swafiya, diski yako ilikuwa mdomoni mwa virusi, na wewe mlangoni. Aziza, uliweka mlinzi anayeweza kuambiwa anyamaze. Nani alimtoa mwizi nyumbani? Na jina la mpishi mbaya nalibeba mimi mpaka leo."

Bi Maimuna akawatazama, na kifua kikamjaa fahari, maana hajapata kujivunia watu wake kama siku ile. Lakini doti ni vipande viwili, wao ni watatu, na doti ya kwanza haitenganishwi. Akanyoosha mikono, na wote watatu wakainamisha vichwa.

Mimi leso hiyo sikuvishwa, na kuvisha si kazi yangu. Nawakabidhi nyinyi mliokaa kunisikiliza. Semeni basi: kati ya aliyehifadhi, aliyeficha na aliyechomoa, nani alistahili kuvishwa?